Faili za Watu, Mikono ya Mjukuu Wangu

Mchana wa Januari huku Akalla, kwa Waswidi, hauchi, unachungulia tu. Mwanga unaingia dirishani mwa jikoni umechoka, rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi, unakaa kidogo juu ya meza, halafu unaondoka bila kuaga. Katika mwanga huo namwona mjukuu wangu hata leo nikifumba macho. Amejikunja kwenye kiti, miguu juu, amevaa soksi za sufu nilizomfumia mimi, kompyuta iko mbele yake, na kwenye kioo cha ile kompyuta mistari myekundu inashuka tu, inashuka, kama utumbo wa kuku unaovutwa.

"Inasemaje hiyo?" nikamuuliza.

"Inasema imekataa, bibi."

"Imekataa nini?"

"Kila kitu."

Ilikuwa Jumamosi. Jumatatu yake wageni walikuwa wanakuja kazini kwao kuangalia programu ikifanya kazi, na miezi yake ya majaribio ilikuwa inaisha wiki hiyo hiyo. Waswidi wanaita provanställning. Wanakuonja kama mchuzi. Wakiona chumvi imezidi, wanakumwaga. Programu ikikataa mbele ya wageni, mjukuu wangu anamwagwa. Ndivyo alivyoniambia, na uso wake ulikuwa mdogo kama siku ile tuliyoshuka kwenye ndege tukitoka Kigoma, ana miaka kumi na moja, anashika gauni langu kwa mikono miwili.

Niseme mapema: mimi sikusoma. Darasa la pili niliacha, nikabaki kulea wadogo zangu kule Fizi, Kongo, na kalamu nilikuja kuishika ukubwani, kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, nikiwa na meno machache kuliko mwalimu. Anayetaka kujua kompyuta akamuulize mwenyewe. Mimi naandika niliyoyaona na niliyoelezwa. Tena nilielezwa vizuri, kwa sababu mtoto huyu nimemlea mimi. Mama yake, binti yangu, alikuwa anakaa Vårby gård, upande mwingine wa mji, anahudumia wazee asubuhi na jioni, hana muda wa kukaa. Mtoto akakaa kwangu, akasoma kwangu, akawa injinia kwangu. Kama kuna mtu anaona ninajisifu, ameona sawa.

Kazi yake ilikuwa Kista, vituo viwili kwa treni kutoka kwetu. Kampuni ndogo, watu wa kujaza meza moja ya harusi. Walikuwa wanatengeneza programu ya kuchunga joto na hewa ndani ya majengo makubwa. Na hiyo programu moja ilitakiwa iende kwenye kompyuta za aina tatu: zile za kawaida za maofisini, zile nyembamba za wenye kujidai, na kisanduku kidogo kisicho na kioo kinachofungwa ukutani chini kabisa, kwenye chumba cha mabomba. Kisanduku ndicho kilichokuwa kinakataa.

Nikavuta kiti. "Nieleze," nikasema. "Polepole, kama unaeleza mtu mzima."

Akacheka kidogo. "Hivi, bibi. Hatuandiki kila kitu wenyewe. Kuna watu huko nje wameshaandika. Kuna wa kuchora herufi, kuna wa kukunja mizigo ipite njia nyembamba, kuna wa kufunga siri na kuifungua. Tunachukua kazi yao."

"Mnaiba."

"Nej, bibi! Wanatoa wenyewe. Bure."

"Bure? Wana akili timamu hao?"

"Wana akili kuliko sisi."

"Haya. Halafu?"

"Kila kazi yao inakuja na faili inaitwa faili ya kichwa. Hiyo yenyewe haifanyi kazi. Inatangaza tu. Inasema, huku kwetu yuko mtu wa kufanya jambo fulani, mpe hiki na hiki, atakurudishia kile. Kompyuta ikitaka kujenga programu yetu, inasoma hivyo vichwa kwanza, ijue nani yupo na anataka nini. Kichwa kikitangaza uongo, au kikikosekana, au kompyuta ikienda kuchukua kingine cha jina hilo hilo kwenye kabati lisilo letu, basi mjengo wote chini."

"Ni mshenga," nikasema.

"Nani?"

"Mshenga. Haolewi yeye, anaeleza tu. Anakwenda kusema tuna binti, anapika, anasali, mahari yake hii. Akieleza vibaya, siku ya harusi watu wanashikana mashati."

"Precis," akasema, akanipiga busu la shavu. "Sasa sisi tuna washenga wa watu wengine, na harusi ni tatu kwa siku moja, kila mji na mila zake."

Theluji ilikuwa inaanguka nje, ile theluji kubwa isiyo na haraka, inashuka kama mtu anayekung'uta mto wa manyoya ghorofa ya juu. Nikaweka maji ya chai. Nikamwacha aendelee kusema, maana nilijua bado hajafika penye jipu.

Jipu lilikuwa hili. Vile vichwa vya watu walivihifadhi ndani ya programu yao, ili kompyuta zote tatu zisome vile vile. Lakini walioviandika wengi walikuwa wanajua kompyuta ya aina moja tu. Kisanduku cha ukutani hawakuwahi kukiona. Kwa hiyo kila mahali palipokwaruza, mjukuu wangu alifungua faili ya watu akaitengeneza. Hapa akaongeza mstari. Pale akabadilisha kipimo. Kule majina mawili yalikuwa yanagombana, akalibadilisha moja. Miezi yote ile, kimya kimya. Watu wa ofisini wakawa wanasema, ajabu, siku hizi kisanduku hakisumbui.

"Hukuwaambia?"

Akaniangalia kana kwamba nimeuliza kama amevaa chupi. "Bibi. Umenifundisha nini?"

Nilimfundisha. Kambini, sufuria ya kuazima ilikuwa inazunguka kuliko habari. Wewe una msiba, mimi nina sufuria kubwa. Mimi nina harusi, wewe una mwiko. Na kwangu sheria ilikuwa moja: kitu cha mtu kirudi kizuri kuliko kilivyokuja. Kama kimebonyea, nyoosha. Mshikio ukilegea, kaza. Masizi sugua kwa majivu mpaka mwenyewe aone uso wake, asijue ni sufuria au kioo. Na usiseme. Anayesema "nimekunyooshea sufuria" anadai shukrani, na mdai shukrani ni ombaomba aliyevaa vizuri. Mwenyewe ataona. Asipoona, Mungu ameona.

Hata huku sikuacha. Mwaka wetu wa kwanza Akalla, chini kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu, nilikuta nguo za mtu zimebaki kwenye mashine ya kukaushia, muda wake umepita, wangu umefika. Nikazikunja zote, chupi kwa chupi. Shati moja lilikuwa halina kifungo, nikapanda juu nikachukua sindano, nikashona kifungo cha rangi inayokaribiana. Kesho yake pakabandikwa karatasi mlangoni, herufi kubwa kama za mgombea ubunge. Mjukuu wangu, mtoto bado, ndiye aliyenisomea: anayegusa nguo za wengine aache mara moja. Alama za mshangao tatu. Mimi nikasema huyo hakulelewa. Mpaka leo nasema hakulelewa. Kifungo kilikuwa kizuri.

Basi mtoto aliyekulia kwenye mikono hiyo unamtegemea afanye nini akikuta faili ya mtu ina tundu?

Wiki ile mwenzake mmoja ofisini alileta faili mpya. Wenye kazi zao huko nje walikuwa wametoa toleo jipya, na yeye akafanya inavyofanywa: akamwaga za zamani zote, akaweka mpya mahali pake. Hakukosea. Hakujua kwamba ndani ya zile za zamani kulikuwa na mikono ya mjukuu wangu. Vikaenda vyote, mistari, vipimo, majina.

"Ndiyo hivyo, bibi. Kule mwenye sufuria haji kuichukua. Analeta nyingine, mpya, na ile uliyosugua inatupwa na kusugua kwako."

Nilikaa na neno hilo. Liliniuma kama limesemwa kwangu.

"Basi rudishia," nikamwambia. "Mikono yako inaijua njia. Kaa hapo, rudishia yote, Jumatatu wakute iko sawa. Nani atajua?"

"Ndicho ninachofanya tangu asubuhi."

Akafanya mbele yangu. Aliandika, akaamuru kompyuta ijenge, mistari myeupe ikapanda, ikapanda, nikashika msalaba wangu, halafu myekundu. Akatengeneza. Tena. Myeupe, myeupe, myekundu mahali pengine. Akasukuma kompyuta.

"Sikumbuki zote," akasema. "Sikuandika popote. Sikumwambia mtu. Kuna moja niliifanya mwezi wa tisa, najua niliifanya, nakumbuka hata mvua ya siku ile, lakini nilichofanya sikumbuki."

Nikamwekea chai, nikatia tangawizi nyingi, nikaenda kukaa kwenye kiti changu karibu na kipasha joto. Joto la pale ni kama la mtu aliyelala. Vidole vyake vilikuwa vinagonga, taratibu, na theluji inashuka, na mimi nikaanza kuzama.

Niliwaona. Sijui kama nilikuwa nimelala au la, usingizi wa uzee hauna mlango. Niliona ukumbi wa nyumba yetu umejaa vichwa vya watu bila viwiliwili, vimekaa juu ya rafu ya viatu, kwenye vigingi vya makoti, juu ya friji, vya kila rangi, vingine vina kofia za baridi. Havikutisha. Vilikuwa vinasema kwa sauti ya chini, kila kimoja lugha yake, kila kimoja kinamsifu mtu aliyebaki nyumbani mbali: ninaye wa kuhesabu, ninaye wa kuchora, mpeni herufi awape picha. Na katikati yao mjukuu wangu mdogo, wa miaka ile ya kambi, ana kitambaa na bakuli la maji, anawaosha nyuso mmoja mmoja. Anapomaliza mmoja, anageuka, na yule ameondoka, na mahali pake amekaa mwingine wa sura ile ile, uso una vumbi. Hakulia. Alichovya kitambaa tena. Nilitaka kumwambia, mama, acha, lakini mdomo wangu ulikuwa umejaa theluji, theluji ya uvuguvugu, tamu.

Nilipozinduka dirisha lilikuwa la bluu. Alikuwa amesimama, anakula mkate.

"Nimefuta," akasema.

"Umefuta nini?"

"Nilichorudishia. Chote."

"Wewe mke mwenzangu umeingiwa na wazimu?" Mimi na yeye tunaitana wake wenza, maana marehemu babu yake alikuwa akimbeba begani anasema huyu ndiye mke wangu mdogo. "Kesho kutwa wageni, leo unafuta?"

"Nisikilize kwanza." Akanyoosha mkono kama trafiki. "Za watu zitakaa kama zilivyokuja. Sizigusi. Zina rafu yao peke yao, na juu ya rafu nimeandika zimetoka wapi na ni toleo gani. Programu yetu haiendi kwao moja kwa moja. Inapita mlangoni kwangu, kwenye faili yangu mwenyewe, na hiyo ndiyo inayojua leo tuko kwenye kompyuta ya aina gani na mila za huko. Kurekebisha kote naweka pale mlangoni. Na pale ambapo lazima kitu cha mtu kishonwe, kushona kunaandikwa kando, kila mtu aone, na kompyuta yenyewe inashona kwenye nakala kila inapojenga."

"Kila mtu aone?"

"Ja."

"Na mkubwa wako?"

"Yeye wa kwanza."

Nikamwambia wazi. Nikamwambia, unajianika. Watasema kumbe ni huyu. Ulifanya mambo ya watu bila ruhusa, na yalipovunjika ukanyamaza wiki nzima. Ukiziba kimya kimya, unaweza kupona. Ukianika, wanakumwaga na chumvi yako.

"Nikiziba kimya kimya, bibi, toleo lingine likija nitakuwa nimekaa hapa hapa."

"Lakini utakuwa na kazi!"

Alimaliza mkate wake, akafuta makombo mezani kwa kiganja, akakaa. Nilimwona mgongo wake umenyooka. Nikajua hapo sina langu.

Jumapili nilikwenda ibada ya Kiswahili peke yangu, yeye akabaki. Kanisani kwetu tunachanganyika, Wakongo, Warundi, Wakenya wachache, kila mmoja Kiswahili chake na Mungu anaelewa. Walipouliza mahitaji ya maombi nikasimama nikasema mjukuu wangu anasumbuliwa na vichwa vya watu. Pasteri akasema amina, tumfunge roho huyo. Nikasema hapana, pasteri, si roho, ni kompyuta. Mama mmoja Mkenya wa kule Farsta akacheka mpaka akashika kiti cha mbele. "Waa, nyanya," akaniambia tukinywa kahawa, "hata mume wangu kazi yake ni hiyo hiyo. Huyo msichana wako atanyooka. Lakini mwambie aseme. Hapa hawasomi uso wa mtu. Usiposema, hawaoni."

Sikupenda. Nilikunywa kahawa yangu.

Niliporudi nilimkuta amelala mezani, shavu juu ya mkono. Kwenye kioo mistari yote ilikuwa myeupe, na chini kabisa mmoja wa kijani. Sikumwamsha. Nilikaa nikaiangalia ile kijani muda mrefu, kama unavyoangalia mche wa kwanza, mpaka kioo chenyewe kikazima.

Jumatatu nilimsindikiza. Alisema si lazima, nikasema mtu anayekwenda kuhukumiwa hasindikizwi na mlango. Kista nilimwacha aende, mimi nikakaa kwenye benchi ndani ya lile duka kubwa, chini ya ngazi zinazojiendesha. Watu walikuwa wanapanda na kushuka bila kutembeza miguu, wamesimama kama sanamu zinazopelekwa mahali. Nikasali kidogo, nikasinzia kidogo. Saa ya chakula cha mchana nikaona kofia yake nyekundu inashuka kwenye zile ngazi, na uso chini ya kofia sikuweza kuusoma, naona Mkenya yule alisema kweli.

"Sema," nikamwambia kabla hajakaa.

"Kisanduku kimekubali. Wageni wamekunywa kahawa wameondoka."

"Na wewe?"

"Mkubwa aliniita ndani. Ameona nilichobadilisha. Akaniuliza, haya yote uliyatengeneza bila kumwambia mtu? Nikasema ndiyo. Akaniuliza kwa nini hukusema. Nikamwambia kwetu mtu akikutengenezea kitu hasemi."

"Ukamwambia hivyo? Kwetu?"

"Ja. Akanyamaza. Unajua Mswidi akinyamaza, bibi, hata saa ya ukutani inaona haya. Halafu akasema, kazi usiyoisema inakufa siku unayopata mafua."

Nilifikiria huyo mkubwa wake, mama wa Kiswidi, sijamwona hata siku moja. Nilitaka kumchukia. Nikakuta siwezi, sentensi yake ilikuwa imeshonwa vizuri.

"Basi amekumwaga?"

"Nabaki." Sasa uso ukafunguka, mzima mzima, meno yote. "Nabaki, bibi! Na kuanzia leo faili ya watu haiingii kwetu bila kupita mikononi mwangu."

"Umekuwa bawabu."

"Kitu kama hicho."

"Bawabu mwenye digrii." Nikampiga begani, nikampiga tena, maana nilikuwa sijui mikono niiweke wapi. "Na wale wenye faili zao? Wanajua walikuwa na matundu?"

"Nawaandikia mmoja mmoja. Nimeshaanza. Nawapelekea mstari wenyewe, nawaambia kwenye kompyuta za namna hii kuna tatizo hili, mkipenda chukueni."

"Unawaambia umewatengenezea."

"Nasema mkipenda."

Nikalitafuna neno hilo. Mkipenda. Halikuwa na kudai ndani yake. Nililigeuza huku na huku kutafuta kudai, sikuona.

Alirudi kazini, mimi nikapanda treni peke yangu. Mle ndani ya handaki miamba inapita dirishani, taa moja, giza, taa, na sura yangu kwenye kioo inakuja na kwenda. Nikawa nawaza mstari wa mjukuu wangu unasafiri kwenda kwa mtu asiyemjua, pengine Japani, pengine kisiwani, anaufungua, anausoma, anauweka ndani ya kitu chake. Halafu kitu hicho kinakwenda kwenye kompyuta nyingine, kwa watu wengine, majengo mengine yenye joto, na hakuna hata mmoja anayejua aliyeuandika soksi zake alizifuma nani. Nikaanza kucheka peke yangu.

Mbele yangu alikuwa amekaa mwanamke wa Kiswidi, makamo, nyuzi za muziki masikioni. Aliniangalia, akaangalia pembeni haraka, kama wanavyofanya. Miaka yote ile kwenye treni ile sikuwahi kusema na mtu nisiyemjua.

Nikainama nikamgusa goti.

"Mjukuu wangu amepata kazi," nikamwambia, kwa Kiswidi changu kilichochongoka.

Akatoa uzi mmoja sikioni. "Samahani?"

Nikarudia. Akatabasamu, tabasamu la kweli, likamshangaza hata mwenyewe. Akasema hongera, kazi gani? Nikavuta pumzi, nikaanzia kwenye vichwa. Treni ikasimama Husby, akainuka nusu, naona ndicho kilichokuwa kituo chake, akaangalia mlango, akaniangalia mimi, akakaa tena.